Swichi Imezimwa, Bomba Lina Moto

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni fundi umeme, na jina analojulikana nalo ni Zima Kwanza. Hakujipa mwenyewe. Alipewa na mafundi wenzake siku zile alipokuwa msichana peke yake kwenye karakana nzima, kwa sababu kila mtu alipotaka kugusa kitu chenye waya, yeye alikuwa anasema, "Zima kwanza." Walikusudia kumcheka. Sasa ni miaka ishirini na sita, wawili kati ya wale waliomcheka hawana vidole vyote, yeye anavyo kumi kamili, na wanaomwita jina hilo leo wanamwita kwa adabu.

Ni mwanamke mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni, na haongei sana mpaka umguse kwenye kazi yake. Hapo utamkoma. Kabla ya kushika waya wowote hupima mara tatu. Kwanza huweka kipimo chake mahali anapojua umeme upo, aone kama kinafanya kazi. Halafu hupima ule waya anaotaka kuushika. Halafu hurudi kupima tena pale pa kwanza. Nilimwuliza siku moja mbona anarudia rudia kama mtu aliyesahau ufunguo. Akaniambia, "Wifi, kipimo nacho hufa. Na kikifa hakikuagi."

Mume wangu ni kitinda mimba wao. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka minane, na ni huyu dada aliyempikia, akamfulia, akamkalisha chini kumfundisha hesabu huku naye anasomea ufundi. Mpaka leo humwita Kitinda, hata mbele ya wageni, na mume wangu, mtu mzima mwenye kitambi na watoto watatu, huitika. Ninayasema haya yote mapema ili mjue jambo alilomfanyia dada yake lilikuwa na uzito gani.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, wifi alitufungia hita ya maji, lile tangi la chuma lenye koili ya kuchemshia ndani, bafuni kwetu. Ilimchukua siku mbili. Alitoa waya mnene kuanzia kwenye kisanduku cha umeme mpaka kwenye tangi, waya wa hita peke yake, usioungwa na taa wala soketi yoyote. Ukawekewa na swichi yake ya kujikata kwenye kisanduku. Nje ya mlango wa bafu akaweka swichi kubwa yenye kitaa chekundu. Kisha akatuita mimi na mume wangu, akatusimamisha hapo kama watoto wa shule.

"Swichi hii inakata nyaya zote mbili kwa pamoja," akasema. "Waya unaoleta moto na waya unaourudisha, ambao sisi tunauita nyutro. Taa ikizima, kule kwenye tangi hakuna kitu, mmenielewa? Na huu wa kijani na njano ni ethi. Huu haufanyi kazi siku zote. Unangoja. Siku koili ikipasuka, moto ukiingia kwenye chuma cha tangi, huu ndio unaoubeba kuupeleka ardhini na kuifanya swichi ya kwenye kisanduku iruke, ikate umeme. Usipokuwepo, moto unabaki kwenye bomba, unakungoja wewe uje na mikono yenye maji."

Mume wangu alikuwa ameshika tochi. Alisikia kila neno. Hata aliuliza swali, kama swichi ile inaweza kuwekwa ndani ya bafu ili isimchoshe mtu kutoka, na dada yake akamwangalia mpaka akajuta kuuliza. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hakujua.

Miaka ikapita. Mume wangu akajenga nyumba ya kupangisha, mtaa wa pili kutoka kwetu, nyumba moja ndefu iliyogawanywa mara nne, kila sehemu na mlango wake na bafu lake. Alitaka hita katika kila bafu. Akamwambia dada yake, dada yake akajibu yuko kwenye kazi ya zahanati, kutandaza nyaya za jengo zima, amngoje siku kumi. Siku kumi tu. Wapangaji walikuwa wameambiwa tarehe moja wahamie.

Baada ya kama wiki nikamwuliza mume wangu, "Vipi kule, hita?"

"Tayari. Dada kamaliza."

Nikashangaa kidogo kwamba zahanati imekwisha upesi hivyo, lakini nikajiambia ni hodari. Sikumwuliza wifi. Kwa nini nimwulize? Mume amesema.

Miezi mitano baadaye, Jumamosi asubuhi, mimi na wifi tulikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme. Yeye alikuwa anachagua mabano ya kushikilia waya, mimi nimemfuata tu kwa maongezi. Akaingia mwanamke mmoja mrefu, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, mshonaji. Nilimjua kwa sura, ni mpangaji wetu wa mlango wa tatu. Alikuja kununua balbu. Akamsikia mwenye duka akimwita wifi kwa lile jina lake. Akaacha balbu juu ya kaunta, akamjia wifi moja kwa moja.

"Wewe ndiye Zima Kwanza?"

"Ndimi."

"Basi ulipofunga hita bafuni kwangu ungezima kwanza, usingekaribia kumwua mama yangu!"

Mwenye duka, ambaye humuuzia wifi vifaa tangu wote wawili hawana mvi, akainua kichwa kutoka kwenye kitabu chake.

"Mama, sikujui," wifi akasema polepole. "Na bafu lako sijaliona."

"Hujaliona? Mwenye nyumba alituambia siku tunahamia, wote wanne, tukiwa uani. Akasema, 'Msiwe na wasiwasi na hita, amezifunga dada yangu, fundi Zima Kwanza, mwulizeni yeyote.' Tukauliza. Kila tuliyemwuliza akakusifu. Na mimi mjinga nikamsifia mama yangu!"

Nilimwangalia wifi. Sijawahi kumwona vile. Hakupaza sauti. Aliyaweka yale mabano kaunta, moja moja, akayapanga. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama yako amepatwa na nini?" akauliza.

"Amevunjika mkono. Alipigwa shoti kwenye bomba, akatupwa sakafuni. Wiki ya pili leo. Nimempigia mwenye nyumba, kasema ameteleza kwenye sabuni. Mtu mzima wa miaka sabini na moja hajui tofauti ya sabuni na umeme!"

Mimi nilitamani sakafu ya duka ifunguke. Wiki mbili! Mume wangu alikuwa amekula, amelala, ameangalia mpira, amecheka na watoto, wiki mbili, na hakuniambia kitu. Na aliyesingiziwa, jina lake likavaliwa kama koti la kuazima, ni huyu dada aliyemlea.

"Mmezima hita tangu siku hiyo?" wifi akauliza.

"Tumezima swichi. Lakini mama alikuwa ameizima hata siku hiyo yenyewe."

Wifi akashika mkoba wake. "Twende," akasema. "Sasa hivi."

Tulikwenda kwa miguu. Mlango wa tatu ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na cherehani karibu na dirisha, vitambaa vimekunjwa juu ya kiti, na Bibi amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Alikuwa anajaribu kutenganisha vifungo kwenye bakuli kwa mkono wa kushoto, vyeupe huku, vyeusi huku. Tukamwamkia. Akatuitikia vizuri, bila kujua ni nani.

Wifi akachuchumaa mbele yake. "Bibi, nieleze ilivyokuwa. Usiruke kitu."

"Sina cha kuruka, mwanangu. Niliwasha hita, nikangoja. Maji yakapata moto. Nikazima. Ninazima kila siku kabla ya kuingia, mwanangu alinifundisha hivyo na mimi nafuata. Nikaingia, nikasimama pale palipo na maji, nikashika bomba nifungue. Likanishika. Sikulishika mimi, lenyewe lilinishika. Halafu nikajikuta chini."

"Una hakika ulizima?"

"Mimi si mtoto."

"Najua, Bibi. Nauliza kwa sababu nataka kuwa na hakika na hasira yangu."

Kwanza alituambia sote tukae mbali na bafu. Akavaa viatu vyake vya mpira. Swichi ya hita ilikuwa imewekwa ndani ya bafu, swichi ndogo nyeupe ya kuwashia taa, iko kwenye kuzima. Wifi akatoa waya mrefu mkobani, akaunga upande mmoja wa kipimo chake kwenye ethi ya soketi ya sebuleni, akaja na upande mwingine mpaka mlango wa bafu, akanyoosha mkono, akaigusisha ncha kwenye bomba la chuma.

Namba zikapanda kwenye kipimo. Mia mbili na kumi, karibu umeme wote wa soketi.

"Swichi imezimwa?" akaniuliza, ingawa aliiona.

"Imezimwa, wifi."

"Soma namba hiyo kwa sauti."

Nikasoma. Mshonaji akaweka mkono mdomoni. Wiki mbili alikuwa anaingia bafu lile na ndoo yake, anaoga ubavuni mwa bomba lile, akidhani swichi imemkinga.

Wifi akaenda kwenye kisanduku cha umeme, akakata umeme wa nyumba nzima ya mshonaji, akapima mara zake tatu, na ndipo akafungua kifuniko cha hita. Niliona mwenyewe. Waya uliokuwa umeingia pale ulikuwa waya mwembamba wa taa ya mezani, ule mweupe wa nyuzi mbili uliosokotwa. Ngozi yake ilikuwa imegeuka kahawia, imekakamaa, ukiikunja inavunjika kama ganda la karanga. Alipoufuata akakuta umetolewa nyuma ya soketi ya sebuleni, ile ile inayoendesha cherehani na pasi, ukaungwa kwa gundi ya karatasi, ule utepe wa kunata wa wapaka rangi. Gundi ya karatasi! Waya wa ethi haukuwepo kabisa. Tangi lina skrubu yake ya ethi, ina alama yake, na skrubu hiyo ilikuwa bado na rangi ya kiwandani, haijawahi kuguswa.

"Haya, njooni muone hii swichi," akasema. Mshonaji akaja, Bibi naye akainuka akaja na mkono wake. "Swichi kama hii inakata waya mmoja tu. Anayeiweka anatakiwa aiweke kwenye waya wa moto. Na hata hivyo kwa hita haifai, hita inataka swichi inayokata zote mbili. Huyu ameiweka kwenye nyutro. Maana yake ukizima, maji hayachemki, kwa hiyo unaona imezima. Lakini moto bado uko kwenye koili, umesimama. Koili imepasuka, moto umepita kwenye chuma. Ethi hakuna. Basi bomba zima ni waya."

Bibi akatikisa kichwa. "Kwa hiyo nilizima, na haikuzimika."

"Ulifanya kila kitu sawa, Bibi."

"Nilijua mimi. Kaja mwenye nyumba hapa, kanionyesha sabuni."

Sikuweza kusikiliza zaidi. Nilitoka nje nikasimama uani, nikashindwa nilie au nikamtafute mume wangu nimpige na kitu.

Wifi hakuondoka hapo mpaka saa nane mchana. Alipita milango yote minne. Yote ilikuwa hivyo hivyo, kwa waya ule ule, gundi ile ile, swichi zenye kosa lile lile. Kwenye mlango wa kwanza anakaa mwalimu na mkewe mwenye mimba ya miezi saba. Wifi alifumua nyaya zote kuanzia kwenye soketi mpaka kwenye matangi, akazikunja, akazitia kwenye mfuko. Hakuacha hata kipande mtu aweze kuunga. Mabomba akayapima tena, yote yakasoma sifuri. Kwenye kila tangi akabandika karatasi kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: HITA IMEKATWA. USIIUNGE. Kwa kila mpangaji alisema maneno yale yale. "Si mimi niliyefunga. Na kuanzia leo haina moto." Wengine walimwamini. Mwalimu alimwangalia tu, nikaona anawaza kwamba fundi akikosea husema hivyo hivyo. Na ndilo lililomchoma wifi kuliko yote.

Mume wangu alirudi nyumbani jioni, jua bado lipo, akatukuta jikoni. Mfuko wa nyaya ulikuwa juu ya meza. Aliutambua. Nilimwona akiutambua.

"Kitinda," dada yake akasema. "Kaa."

"Dada, ngoja nikueleze."

"Kaa kwanza."

Akakaa.

"Nani alifunga?"

"Fundi Rangi."

Fundi Rangi ndiye aliyepaka kuta za ile nyumba. Ni mtu mwema, mchapakazi, kuta zake hazina doa. Umeme hajausomea hata siku moja.

"Alisema anajua," mume wangu akaendelea. "Na wewe ulisema siku kumi. Watu wanahamia tarehe moja, nimeshawaahidi. Ningefanyaje?"

"Ungewaambia wangoje siku kumi maji ya moto. Kuna mtu amekufa kwa kuoga maji baridi siku kumi?"

"Sasa dada, na wewe umekwenda pale kunidhalilisha mbele ya wapangaji..."

Wifi hakumwacha amalize. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akipiga kelele. "Mimi nimekudhalilisha? Mimi? Ulichukua jina langu ukalibandika juu ya gundi ya karatasi! Miaka ishirini na sita sijamchoma mtu kidole! Leo natukanwa dukani na mwanamke ambaye ana haki ya kunitukana, kwa sababu mdogo wangu, niliyemfuta kamasi, kamwambia ni mimi! Ungemtaja Fundi Rangi! Kwa nini hukumtaja? Kwa sababu ulijua wangeogopa. Ulijua kabisa, Kitinda!"

Mume wangu aliangalia meza. Halafu akafanya kosa. Badala ya kusema samahani, akasema, "Basi dada, yaishe. Nenda wiki ijayo ufunge vizuri. Kimya kimya. Hakuna haja ya mambo marefu."

"Nitafunga. Ila kwanza utakwenda uani pale, utawaita wote wanne na Bibi, utasema kwa mdomo wako nani alifunga na nani alidanganya."

"Hilo siwezi. Mimi ni mwenye nyumba, dada. Nikisema hivyo nitawatazamaje tena?"

"Basi sifungi."

"Usifunge!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Mafundi wako wengi. Nitamrudisha Fundi Rangi nimwambie aweke hiyo ethi. Kwani ethi ni nini, si waya tu?"

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Mpaka wakati ule nilikuwa nimenyamaza, kwa kuwa ni ya ndugu wawili na mimi nimeolewa tu. Lakini nilipomsikia anasema si waya tu, nikakumbuka ile tochi mkononi mwake. Nilitoka jikoni, nikaenda kwenye mlango wa bafu letu, nikazima ile swichi. Kitaa chekundu kikafa. Nikarudi.

"Baba watoto," nikamwambia, "mwite Fundi Rangi. Mwite kesho. Lakini aanze hapa. Afumue kazi ya wifi bafuni kwetu, afunge ya kwake, kwa waya kama huu ulio mezani. Kisha wanao watatu waingie waoge, mmoja mmoja, na wewe umesimama mlangoni. Wakitoka salama, mpeleke kwa wapangaji."

Akainua kiti kilichoanguka, akakiweka sawa.

"Unanyamaza? Kumbe unajua. Kwa wanao swichi inakata zote mbili, kwa mama wa mwenzako gundi ya karatasi. Sasa sikia. Hapa ndani hakuna atakayeoga maji ya moto mpaka wale wapate yao, yaliyofungwa sawasawa, na mpaka umewaambia ukweli. Nitawaeleza watoto sababu. Au nisiwaeleze?"

"Usiwaingize watoto," akasema kwa sauti ndogo.

"Na Bibi wa watu, yeye nani alimwingiza?"

Akaenda kukaa barazani. Wifi akanywa chai yake ikiwa imepoa, akabeba mfuko wa nyaya, akaondoka bila kuniaga vizuri. Sikumlaumu.

Ilichukua siku nane. Ulikuwa msimu wa baridi, na mume wangu hapendi baridi. Kila asubuhi nilimsikia bafuni akimwaga maji kwa vikopo vidogo vidogo, akipumua kama mtu anayebeba gunia. Mtoto wetu mkubwa, wa kike, akamwuliza siku ya tano mezani, "Baba, hita imeharibika? Kwa nini usimwite shangazi?" Baba yake akaacha kula, akainuka.

Siku ya nane, Jumapili asubuhi, akavaa shati la kupiga pasi, akaniambia, "Mwambie dada aje kule." Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe." Akampigia.

Tulisimama uani, wapangaji wote, Bibi kwenye kiti alicholetewa na mwalimu. Mume wangu alizungumza vibaya. Nataka kusema kweli, alizungumza vibaya sana. Alianza na maneno ya kuzunguka, kulitokea kutoelewana, kulikuwa na haraka, mambo ya ujenzi mnayajua. Mshonaji akamkatiza. "Nani alifunga?"

"Fundi Rangi."

"Na nani alituambia ni dada yako?"

"Mimi. Dada hakujua. Hakufika hapa kabisa mpaka wiki iliyopita." Halafu akamgeukia Bibi. "Na haikuwa sabuni, Bibi. Nisamehe."

Bibi alimwangalia muda mrefu. "Mkono nitakusamehe," akasema. "Ile sabuni bado."

Mwalimu akamfuata wifi akampa mkono, akamwomba radhi kwa jicho alilomwangalia nalo siku ile. Wifi akapokea, lakini uso haukulegea. Akamgeukia mdogo wake mbele ya watu wote. "Fundi Rangi naye umemwambia? Maana kama kafunga hapa, kafunga na kwingine." Mume wangu hakuwa amefikiria hilo. Siku hiyo hiyo ilibidi akamtafute, na Fundi Rangi akakiri nyumba mbili nyingine. Wifi akaenda kwenye zote mbili akazikata hita zake, na Fundi Rangi akimfuata nyuma, akitokwa jasho, akirudia kwamba yeye alidhani ikiwasha na ikizima basi iko sawa.

"Kuta zako nzuri," wifi akamwambia. "Baki kwenye kuta."

Wiki iliyofuata alifunga zile nne. Waya mnene kila mlango, swichi ya kujikata ya kila hita peke yake pamoja na kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja, swichi kubwa nje ya bafu, ethi kwenye tangi na kwenye mabomba, koili mpya kwa mshonaji. Alipomaliza kila mlango alimwita mwenye mlango, akampa kipimo ashike mwenyewe, akamwonyesha pa kugusa. Zima. Pima. Sifuri. Alitaka kila mmoja aone namba hiyo kwa macho yake. Mume wangu alikuwepo siku zote za kazi hiyo, akibeba ngazi. Dada yake alimtuma kama anavyomtuma mtu baki. Lete. Shika. Sogea. Jina la Kitinda hakulitaja hata mara moja, na nilimwona mume wangu anavyolingoja.

Plasta ya Bibi ilitolewa baada ya wiki sita. Mkono haukunyooka sawasawa, kidole gumba hakikunji vizuri, na vifungo vidogo hawezi tena. Anaoga kwa ndoo. Ameonyeshwa sifuri, amekubali kwamba ni sifuri, na bado anaoga kwa ndoo, mwanawe akimchemshia maji kwenye sufuria. Nikikaa nikifikiri juu ya hilo hasira hunirudia upya, maana hita ya kisasa iko ukutani pale, imefungwa kwa usahihi wote wa dunia, na haimfai kitu mtu aliyewekewa.

Mwisho wa mwaka mshonaji akapata nyumba kwingine karibu na wateja wake, wakahama. Mume wangu aliwabebea vitu kwa gari bila kuombwa. Wifi bado haji kwetu kula kama zamani. Huja kunisalimia mimi na watoto, humwitikia mdogo wake salamu, basi. Mume wangu huniuliza, "Atanisamehe lini?" na mimi humwambia sijui, nami nasema kweli.

Ila siku mbili kabla hawajahama, nilikuwa karakana kwa wifi, mshonaji akaja. Alisimama mlangoni, futi shingoni, kama aliyeona haya kidogo.

"Dada," akamwambia wifi, "ile nyumba tunayohamia ina hita. Mwenye nyumba anasema amefunga fundi hodari sana."

"Anaitwa nani?"

"Sikumwuliza. Nimechoka kuuliza majina. Nataka uje uiangalie kabla sijaingiza kitanda cha mama."

Wifi alikwisha shika mkoba.